Magadi wanne na fowadi mmoja dhidi ya senta wa mita 2.03: uchambuzi wa kisa cha klabu moja ya Mwanza

Usuli

Klabu hii ya mpira wa kikapu ya wanaume ina makao jijini Mwanza na hucheza ligi ya mkoa, pamoja na mashindano yanayokutanisha timu za miji ya kandokando ya Ziwa Victoria. Majina na tarehe tumeviacha. Kwa misimu miwili ilikuwa timu ya katikati ya msimamo, na mchezo wake wote ulipitia kwa masenta wawili, yaani warefu wanaocheza karibu na kikapu, mmoja wa mita 2.01 na mwingine wa 1.96. Msimu ulipokwisha, wa kwanza alichukuliwa na klabu ya Dar es Salaam. Wa pili alihitimu chuo akapata kazi mkoa mwingine. Walibaki wachezaji kumi na watatu. Mrefu kuliko wote alikuwa kijana wa mita 1.90 mwenye kilo 76 tu. Saba walikuwa magadi, yaani wachezaji wa nje wanaoendesha mpira, na wawili kati ya hao ndio waliokuwa wachezaji bora wa timu nzima.

Mazoezi yalifanyika jioni, mara nne kwa wiki, kwenye uwanja wa wazi wa saruji. Mazingira haya yana uzito mkubwa katika kisa hiki. Jua likishaipasha nchi kavu, mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na mechi zinazoanza saa tisa alasiri hukutana nao ukiwa bado na nguvu. Mpira uliotupwa kutoka mbali hukaa hewani muda mrefu kuliko wa karibu, kwa hiyo ndio unaoyumbishwa zaidi. Saruji nayo huchosha magoti na vifundo kuliko sakafu ya mbao, na timu inayokimbia ndiyo inayolipa gharama hiyo kwanza.

Njia zilizokuwa mezani

Uongozi ulijadili njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuleta senta mpya kutoka nje ya mkoa. Chakula, malazi na posho yake vingekula fedha za safari zote za ugenini, kwa hiyo wazo hilo likafa mapema. Ya pili ilikuwa kucheza zoni ya 2-3, ambapo kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma, na kupunguza kasi, ili mechi ziishe kwa pointi chache. Kocha aliikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: katika zoni hakuna mtu maalum wa kumziba kila mpinzani mpira unaporudi kutoka kwenye ringi, na timu fupi haiwezi kumudu zawadi hiyo. Isitoshe, kupunguza kasi ni kumpumzisha senta wa wapinzani.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: magadi wanne na mtu mmoja mwenye nguvu, wote watano wakianza nje ya mstari wa pointi tatu, presha, yaani kuwabana wapinzani, uwanja mzima, na mabadiliko ya mara kwa mara. Lengo halikuwa kujinusuru. Lilikuwa kufika fainali ya kanda.

Mfano wa Marekani na mipaka yake

Wachezaji walikuwa na picha moja kichwani. Fainali za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, za 2015, Golden State Warriors wakiwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland, walimweka benchi senta wao Andrew Bogut na kumwanzisha Andre Iguodala. Walishinda mechi hiyo ya nne 103 kwa 82, wakashinda na mbili zilizofuata. Februari 2020 Houston Rockets walikwenda mbali zaidi: walimuuza senta Clint Capela na kumpa P.J. Tucker wa mita 1.96 kazi ya namba tano, yaani nafasi ya senta. Lakers waliwatoa kwa mechi 4 kwa 1 mwaka huohuo, kwa kuwaweka benchi masenta wao wa asili na kumsogeza Anthony Davis katikati.

Kilichowavutia vijana ni mitupo ya pointi tatu. Lakini sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ndizo zinazotumika kwetu, zinamlinda senta kwa namna ambayo NBA haimlindi, na hapa ndipo timu nyingi zinazoiga hukwama.

Kwanza, NBA ina sheria ya sekunde tatu za ulinzi: mlinzi asiye karibu na mtu wake haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la sekunde tatu, ule mstatili uliochorwa mbele ya kikapu. FIBA haina sheria hiyo. Hata ukimvuta namba tano wako hadi nje kabisa, senta wao anaweza kubaki chini ya kikapu robo nzima. Pili, kona. Mstari wa NBA una mita 7.24 kwa mbele na 6.71 kwenye kona, tofauti ya sentimita 53, ndiyo maana kona kule ni mali. Kwa FIBA ni 6.75 na 6.60, tofauti ya sentimita 15 tu. Kona bado inafaa kwa kumvuta mlinzi mbali, lakini usitegemee ikurahisishie mtupo. Tatu, kwa FIBA mpira ukishagusa ringi mchezaji yeyote anaweza kuupangua, hata ukiwa bado juu ya ringi. Senta wa mita 2.03 mwenye mikono mirefu hufuta pointi ambazo NBA wangezihesabu.

Iongezwe hesabu ya upepo. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mara moja kati ya tatu unalingana na wa pointi mbili unaoingia mara moja kati ya mbili. Upepo wa ziwani ukiushusha chini ya hapo, kila mtupo wa mbali ni hasara. Kocha aliliona hili mapema kuliko wachezaji wake, akaweka kanuni moja: hakuna kutupa kutoka nje mpaka mpira uwe umeingia kwanza katika eneo la sekunde tatu, kwa pasi au kwa kupenya, na miguu ya mtupaji iwe imetulia. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi bora wa msimu mzima. Uliifanya timu isake ushindi kwenye idadi ya mashambulizi: kunyang'anya mipira, kutopoteza yake, na kufika kwenye kikapu kabla senta hajarudi.

Kumpata namba tano

Wengi walitarajia kijana wa 1.90. Kocha alimchagua fowadi wa mita 1.86 mwenye kilo 92. Sababu ilionekana kwenye zoezi la wawili wawili: mmoja anakaa mgongo kwa mgongo na mwenzake ukingoni mwa eneo la sekunde tatu, bila mpira, kisha kila mmoja anajaribu kumsukuma mwingine hadi ukingo wa pili, upana wa mita 4.90. Kijana mrefu alisukumwa na karibu kila mtu. Yule wa 1.86 hakusogezwa, kwa sababu nyonga zake ziko chini na hukaa amekunja magoti.

Namba tano mfupi hatakiwi kudaka ribaundi nyingi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa. Kazi yake ni kuhakikisha senta wa wapinzani hazidaki, na magadi ndio wazikusanye. Wachezaji walichukua wiki kadhaa kulikubali hilo, kwani mtu akidaka ribaundi mbili mechi nzima anajiona hakucheza.

Yaliyofundishwa katika wiki sita

Maandalizi yalikuwa na mambo mengi, ila matatu ndiyo yaliyobeba msimu.

La kwanza ni ribaundi ya watu watano. Mtupo ukiondoka mkononi, kila mmoja anamtafuta mtu wake na kumgusa kwa mkono wa mbele, anageuka na kumweka mgongoni, ndipo anatazama juu. Watu hukosea kwa kutazama mpira kwanza. Gadi anayemlinda mtupaji haendi chini. Hubaki usawa wa mstari wa mitupo huru, kwa sababu mtupo wa mbali ukikosa mara nyingi hurudi mbali. Na hakuna anayekimbia mbele mpaka mpira uwe mikononi mwa mwenzake.

La pili ni kubadilishana watu kwenye skrini, yaani pale mshambuliaji anaposimama njiani kumziba mlinzi wa mwenzake, na hasa lile badilishano la pili ambalo timu nyingi hazilifundishi. Gadi wa mita 1.72 akijikuta amebaki na senta, hasubiri pasi ifike. Mwenzake wa karibu mwenye nguvu humgonga begani na kuita "toka", naye hukimbilia mtu wa mwenzake, kwa kawaida aliye kona ya mbali. Lifanyike mpira ukiwa bado nje ya mstari wa pointi tatu. Senta akishaupokea, muda umepita, na atakayejaribu hapo atatoa faulo.

Senta akiwa amekaa chini, walimkaa mbele badala ya nyuma, ili pasi ilazimike kupita juu. Hapo mlinzi wa upande wa mbali husogea hadi katikati ya eneo kuisubiri pasi hiyo. Udhaifu wake unajulikana: pasi ya haraka kwenda kona ya mbali humkuta mtu peke yake. Timu ilikubali kuachia mtupo huo, tena upepo ukiwa unawasaidia.

La tatu ni presha na mabadiliko. Presha ilianza baada ya kila kikapu, mtu kwa mtu, kwa nia ya kula sekunde. Timu inayotumia sekunde saba kati ya nane kuvuka nusu ya uwanja hubakiwa na kumi na saba za kupanga shambulizi, na senta wake amekimbia bure. Wachezaji tisa walizungushwa kwa zamu za dakika nne hadi tano. Kwa FIBA saa haisimami baada ya kikapu isipokuwa dakika mbili za mwisho za robo ya nne na muda wa nyongeza, kwa hiyo mchezaji aliyechoka anaweza kusubiri muda mrefu kabla filimbi haijapigwa. Benchi lilijifunza kumpeleka mbadala mezani dakika ya tatu, kabla miguu ya mwenzake haijaisha.

Mwanzo mbaya

Timu ilipoteza mechi mbili kati ya tatu za kwanza za ligi. Ilikuwa ikitupa vizuri. Tatizo lilikuwa magadi wawili bora: kila mtupo wa wapinzani ulipoondoka, wao walikwishaanza kukimbia mbele kusubiri kaunta, yaani shambulizi la haraka. Nyuma walibaki watatu dhidi ya wanne, na mpira ukarudi kwa wapinzani mara mbilimbili.

Kocha aliongeza hesabu moja katika daftari la mechi: mara ngapi kila mchezaji alimgusa mtu wake kabla ya mpira kushuka. Msaidizi mmoja alikaa akihesabu hilo tu. Baada ya mechi ya tatu daftari lilisomwa mbele ya timu nzima, bila kelele, na nahodha ndiye aliyekuwa na alama ndogo kuliko wote. Mechi iliyofuata aliwekwa nje robo ya kwanza nzima. Wapo walioona adhabu hiyo ni kubwa mno. Sisi tunaona ilistahili, kwa kuwa mpango wa namna hii hauna nafasi ya mtu mmoja anayecheza mpango mwingine. Kuanzia hapo walishinda mfululizo hadi wakafuzu mashindano ya kanda.

Mashindano: mechi nne ndani ya siku tatu

Ratiba ilikuwa Ijumaa mechi moja, Jumamosi mbili, Jumapili fainali. Kisa hiki kina thamani ya kufundisha kwa sababu timu ilikutana na wapinzani walewale mara mbili, Ijumaa katika makundi na Jumapili katika fainali. Wapinzani hao walikuwa na senta wa mita 2.03.

Ijumaa, saa nne asubuhi, klabu ya Mwanza ilishinda kwa tofauti ya pointi 11. Presha ilifanya kazi kama ilivyopangwa. Senta alimfuata namba tano hadi nje, eneo la chini likawa wazi, na magadi wakapenya. Kufikia robo ya tatu senta alikuwa ameinama, mikono magotini, kila mpira ulipotoka.

Jumamosi walishinda zote mbili, ya jioni kwa taabu. Gadi wa akiba aliteguka kifundo. Mwingine alipoteza mipira kadhaa mfululizo, na kocha hakumrudisha tena.

Jumapili saa tisa alasiri walipoteza kwa pointi 4.

Kilichobadilika kati ya Ijumaa na Jumapili

Kocha wa wapinzani alifanya mabadiliko matatu. Alimwambia senta asitoke kabisa. Namba tano wa Mwanza aachwe peke yake nje. Dhidi ya presha aliacha kumtegemea gadi mmoja avuke kwa kudunda, akamweka fowadi wa mita 1.95 katikati ya uwanja apokee pasi ya juu na kugeuka. Na kila mtupo ulipoondoka, alituma watatu kwenye ribaundi ya kushambulia.

La kwanza ndilo lililoumiza zaidi. Namba tano alipoachwa wazi, alitupa. Kanuni ya kuingiza mpira ndani kwanza ilisahaulika, kwa sababu ni vigumu sana kuuacha mtupo wakati hakuna mtu mbele yako kwa mita nne. Alitupa pointi tatu mara saba, kukiwa na upepo, ikaingia moja. Kila kosa lilimkuta senta yuko palepale chini ya kikapu akisubiri.

Jibu lilikuwepo, na ni rahisi kulifundisha. Mlinzi asiyetoka nje hawezi kusaidia kwenye skrini ya nje. Namba tano aliyeachwa wazi anapaswa kuupokea mpira kisha kumkabidhi gadi mkono kwa mkono huku akimziba mlinzi wa gadi huyo. Gadi anatokea bila mtu usawa wa mstari wa mitupo huru, mita 4.60 kutoka ubao wa kikapu, na senta yuko hatua mbili nyuma. Akitoka, pasi inakwenda chini. Asipotoka, gadi anatupa. Umbali huo upepo haudhuru sana, na magadi wa timu hii waliumudu vizuri. Walilijaribu hilo mara mbili tu katika fainali, zote robo ya pili, zote zikazaa pointi. Halikuwa zoezi la kila siku, ndiyo maana halikuja kichwani walipochoka.

Mzunguko nao ulikuwa umepungua. Tisa wa Ijumaa walikuwa saba wa Jumapili, na katika robo ya nne kocha aliwaamini sita tu. Timu iliyoahidi kumchosha senta ikachoka kabla yake. Dalili zilikuwa wazi: presha ilianza kuchelewa kwa hatua moja, na mlinzi anayechelewa hatua moja hutumia mikono. Faulo ya tano ya timu ilifika mapema robo ya nne, na kuanzia hapo kila faulo ya mlinzi kwa mchezaji asiyekuwa akitupa ilileta mitupo huru miwili. Mtu aliyekuwa akikimbizwa sasa alisimama mstarini na kupumua. Kocha alipaswa kurudisha presha nyuma hadi mstari wa katikati robo ya tatu ilipoanza, aiokoe miguu kwa ajili ya ribaundi.

Kuhusu kijana wa 1.90, waliolaumu kwamba hakutumiwa walikuwa wengi. Kumpa kazi ya kumlinda senta wa 2.03 wakati wote kungekuwa kosa kubwa zaidi. Angesukumwa hadi chini ya ringi. Lakini angeweza kuingia wakati wa mitupo huru ya wapinzani. Walinzi hushika nafasi mbili za karibu kabisa na kikapu, na pale urefu una faida kuliko uzito. Mara mbili mpira wa mtupo wa mwisho uliokosa ulipanguliwa na kurudi kwao, na pointi zilizotokana na mipira hiyo miwili zilikuwa nne.

Kilichofanya kazi kweli

Uchaguzi wa namba tano kwa nguvu badala ya urefu ulistahimili mashindano yote. Hata katika fainali, senta alipata pointi chache kwa kupokea mpira chini. Aliumiza kwa mipira iliyorudi. Daftari la kugusa mtu kabla ya ribaundi lilibadilisha tabia ndani ya wiki mbili, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu. Badilishano la pili lilifanya kazi mpaka miguu ilipoisha.

Kilichoshindwa kilianzia kwenye hesabu ya watu. Mpango wa kasi ulijengwa kwa mechi moja kwa wiki, kama ligi ya mkoa ilivyo, kisha ukapelekwa kwenye mashindano ya mechi nne kwa siku tatu bila kubadilishwa. Katika mechi ya Jumamosi asubuhi, dhidi ya timu dhaifu, wachezaji bora wawili walicheza zaidi ya dakika 30 kila mmoja, ilhali tofauti ilikuwa ya pointi nyingi tangu nusu ya kwanza. Dakika hizo ndizo zilizokosekana Jumapili.

Marekebisho yaliyokubaliwa

Wachezaji kumi watazungushwa katika ligi hata pale ambapo kufanya hivyo kunatishia matokeo, na hakuna atakayezidi dakika 24 katika mechi za makundi za mashindano. Presha itakuwa na ngazi tatu zenye majina: uwanja mzima, robo tatu, na katikati, kocha ataita ngazi kwa kuangalia miguu, si ubao wa matokeo. Makabidhiano ya mkono kwa mkono yatafanywa kila siku kwa dakika 15, mwisho wa mazoezi, wachezaji wakiwa wamechoka. Kijana wa 1.90 amewekwa kwenye ratiba ya kunyanyua chuma mara tatu kwa wiki, na ataanza na zoezi lilelile la kusukumana mgongo kwa mgongo dhidi ya yule wa 1.86.

Ikitokea klabu ikapata mtu mrefu, atapimwa kabla ya kusajiliwa: akimbie urefu wa uwanja, mita 28, mara kumi, akipumzika sekunde 20 kati ya mbio na mbio, na mbio ya kumi isipungue kasi kwa zaidi ya sekunde moja ikilinganishwa na ya kwanza, akabidhi mpira mkono kwa mkono kwa mikono yote miwili, na abaki mbele ya gadi anayedunda kwa hatua tatu bila kumshika. Asiyeweza mawili kati ya matatu hatasajiliwa, hata akiwa na mita 2.05.